"Hana Hatia": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuachiwa Huru na Mahakama

Watu wengi hukutana na maneno "hana hatia" mara moja tu maishani, siku ndugu yao anaposimama kizimbani au siku wao wenyewe wanapogeuka kuwa washtakiwa. Maswali yaliyo hapa ni yale niliyoulizwa tena na tena kwenye mabenchi ya mahakama, kwenye korido, na kwa simu za usiku baada ya hukumu. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo nimeona watu wanaumizana kwa kutoelewa. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mwenye kesi inayoendelea asome hapa kisha akamwone wakili.

Mahakama ikisema "hana hatia", imesema nini hasa?

Imesema kwamba aliyeshtaki alipewa nafasi ya kuthibitisha shtaka na hakulithibitisha kwa kiwango kinachotakiwa na sheria, yaani bila kuacha shaka ya msingi. Swali lililo mbele ya hakimu au jaji ni hili: je, ushahidi ulioletwa hapa, dhidi ya mtu huyu, kwa shtaka hili kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, unatosha? Jibu likiwa hapana, mshtakiwa anaachiwa huru.

Shika hayo maneno "kwa shtaka hili". Mtu anaweza kuwa na mashtaka matano, akashinda manne na kufungwa kwa la tano. Anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa, ushahidi ukaonyesha dogo, na katika nchi nyingi mahakama ikamtia hatiani kwa hilo dogo. Ukisikia "fulani kashinda kesi", uliza kwanza ni shtaka gani.

Kwa nini mahakama isitamke tu kwamba mtu huyu hakufanya kosa?

Kwa sababu hilo si swali ambalo imeulizwa, na ingekuwa hatari kulifanya liwe swali. Fikiria mshtakiwa analazimika kuthibitisha kwamba hakufanya. Ulikuwa wapi Jumanne ile saa tatu usiku, miaka miwili iliyopita? Nani alikuona? Wengi wetu hatuna jibu, na kukosa jibu kungetosha kutupeleka gerezani.

Ndiyo maana sheria inaanzia upande wa pili. Kila mtu anaingia mahakamani akiwa hana hatia. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 limesema hivyo katika ibara ya 11, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 ukarudia katika ibara ya 14, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 umeliweka katika ibara ya 7. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa aliyeshtaki, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kesi inayotajwa zaidi kwa jambo hili ni ya kijana wa miaka 21 aliyefanya kazi shambani, Reginald Woolmington. Mkewe alikufa kwa risasi mwaka 1934, na yeye akasema bunduki ililipuka kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia wazee wa baraza, raia waliotakiwa kuamua kama ana hatia, kwamba, mara ikishathibitika kuwa ni yeye aliyemuua, ni juu yake kuonyesha kwamba ilikuwa ajali. Akahukumiwa kifo. Mwaka 1935 mahakama ya juu ya Uingereza ilitengua hukumu hiyo, na Lord Sankey akasema kwamba wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia ni uzi wa dhahabu unaopita katika sheria yote ya jinai. Yule kijana hakutakiwa kuthibitisha ajali. Ilitosha kwamba maelezo yake yaliacha shaka.

Kwa hiyo hukumu ya kuachiwa huru haimpi mtu kitu kipya. Aliingia akiwa hana hatia, upande wa mashtaka ukajaribu kumvua hali hiyo, ukashindwa. Anatoka nayo.

"Bila kuacha shaka" ni shaka ya namna gani?

Shaka yenye sababu. Haitoshi kusema "huenda kulikuwa na mtu mwingine anayefanana naye" bila chochote kinachoonyesha hivyo. Lord Denning alieleza vizuri mwaka 1947: kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi si kuthibitisha mpaka kusibaki hata kivuli cha shaka. Kama uwezekano unaomsaidia mshtakiwa ni mdogo kiasi cha mtu kusema "inawezekana, lakini haielekei hata kidogo", basi kesi imethibitika.

Lakini shaka ya kweli ikibaki, hata moja, faida yake ni ya mshtakiwa. Hakimu hana ruhusa ya kusema "nina wasiwasi, ila tumfunge kidogo".

Shahidi alimtaja kwa jina, tena kwa kiapo. Kwa nini kaachiwa?

Hili huwachoma watu kuliko yote, nalo linahitaji kuonyeshwa.

Nilimsikia shahidi mmoja, mama mtu mzima, mkweli kabisa kwa jinsi nilivyomsoma. Alivamiwa usiku nyumbani kwake na watu watatu. Alimnyooshea kidole mshtakiwa bila kusita. Wakili wa utetezi akasimama, hakumkaripia, akauliza taratibu. Taa ilikuwa inawaka? Ndiyo, ya uani. Wao walisimama wapi? Mlangoni. Kwa hiyo taa ya uani ilikuwa nyuma yao? Ndiyo. Mwanga ukikupiga wewe usoni, wao nyuso zao zilikuwa wapi? Mama yule alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Niliona umbo."

Hakusema uongo hata mara moja. Alikuwa na hakika. Lakini hakika ya shahidi na usahihi wake ni vitu viwili, na mahakama zimejifunza hivyo kwa gharama ya watu waliofungwa bure. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilitaka mambo kadhaa yachunguzwe kabla ya kutegemea utambuzi wa macho: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga wa namna gani, na je, alimfahamu kabla ya hapo au la. Uingereza nayo ilitoa mwongozo unaofanana na huo mwaka 1976 katika shauri la Turnbull. Hayo ni maswali ambayo familia ya mlalamikaji huona kama ujanja wa mawakili. Jiweke wewe kizimbani uyasikilize upya.

Kesi nyingine huanguka kwenye vielelezo. Kitu kilichokamatwa lazima kifuatiliwe kutoka mkono hadi mkono: nani alikichukua, nani alikitunza, kilifungwaje, nani alikifungua. Hatua moja ikikosa maelezo, hakimu hawezi kujua kama kilicho mbele yake ndicho kilichokamatwa. Ushahidi huo unakuwa haufai, hata kama ulikuwa mzito siku ya kwanza.

Basi ameachiwa "kwa kukosa ushahidi". Si kaponea tu?

Maneno haya matatu, "kwa kukosa ushahidi", yameharibu maisha ya watu wengi ninaowafahamu, na naomba tuyatazame kwa makini.

Magazeti huyaandika, majirani huyarudia, na kila mtu anasikia kana kwamba kuna aina mbili za kuachiwa: ile safi, ya mtu aliyeonekana kweli hakufanya, na ile ya pili, ya mtu aliyefanya ila hakukamatika vizuri. Sheria haina madaraja hayo. Karibu kila anayeachiwa huru, anaachiwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Mtu ambaye hakukanyaga eneo la tukio ataachiwa kwa maneno yale yale, maana yake ni nini tena kuwa hukufanya, ikiwa si kwamba ushahidi wa kwamba ulifanya haupo?

Nitatoa mfano mgumu, ili nisionekane nakimbia. Desemba 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilimwachia huru Mathieu Ngudjolo Chui wa Kongo, aliyeshtakiwa kwa shambulio la kijiji cha Bogoro la Februari 2003. Majaji walisema wazi kwamba kumwona mtu hana hatia si lazima kumaanishe kwamba wanaamini hakufanya. Kunaonyesha tu kwamba ushahidi haukufikia kiwango. Walisema pia kwamba uamuzi wao haupunguzi ukubwa wa mateso ya watu wa Bogoro. Mwaka 2015 rufaa ya mwendesha mashtaka ilikataliwa. Kwa hiyo, ndiyo, majaji wenyewe wanakiri kwamba hukumu yao si ripoti kamili ya kilichotokea.

Lakini matokeo yake kisheria hayana nusu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 1993, katika shauri la Sekanina dhidi ya Austria, kwamba hukumu ya kuachiwa huru ikishakuwa ya mwisho, vyombo vya dola haviruhusiwi kuendelea kutamka mashaka kuhusu mtu huyo. Austria ilikataa kumlipa fidia kwa hoja kwamba bado kulikuwa na tuhuma. Mahakama ikasema hapana, tuhuma hizo zilikwisha siku ya hukumu.

Scotland ndiyo iliyokuwa na mlango wa katikati. Kwa karne kadhaa mahakama zake zilikuwa na majibu matatu: ana hatia, hana hatia, na "haikuthibitika". Jibu la tatu lilimwachia mtu huru kama la pili, ila lilimbandika doa. Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kuliondoa mwaka 2025. Naona walifanya vyema. Doa lisilothibitika halipaswi kuandikwa na mahakama.

Kuachiwa, kuachiwa huru, kufutiwa mashtaka, kupewa dhamana: vinatofautianaje?

Vinatofautiana sana, na mtaani vyote vinaitwa "katoka". Mtu akionekana nyumbani, huenda yuko katika hali mojawapo kati ya hizi.

Dhamana kwanza. Kesi bado ipo, tarehe bado zipo, wadhamini wamejifunga kwa ajili yake. Hajashinda chochote wala hajashindwa.

Pili, kuachiwa kwa sababu mashtaka yameondolewa. Tanzania utasikia kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, "hana nia ya kuendelea na shauri". Kenya wanataja kifungu cha 87(a), kinachoruhusu mwendesha mashtaka kuondoa shtaka kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea. Mtu anatoka, anakumbatiwa, watu wanashangilia. Lakini mahakama haijaamua lolote kuhusu hatia, na anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Nimeshuhudia familia ikipanda gari kwa vigelegele na polisi wakiwasubiri getini. Wakili mwema huwaeleza ndugu jambo hili mapema, kabla vigelegele havijaanza.

Tatu, kuachiwa huru. Hapa mahakama imepima ushahidi na kuamua. Wengine husema kuachiliwa huru au kuondolewa hatia, na maana ni hiyo hiyo. Hii ndiyo inayofunga mlango.

Tofauti kati ya pili na tatu ilionekana vizuri kule ICC. Aprili 2016 majaji kwa wingi wa kura walisitisha kesi ya William Ruto na Joshua Sang wa Kenya, wakafuta mashtaka na kusema bayana kwamba hilo halizuii kushtakiwa tena baadaye. Haikuwa hukumu ya kuachiwa huru. Januari 2019 mahakama hiyo hiyo ilimwachia huru Laurent Gbagbo wa Kodivaa pamoja na Charles Blé Goudé, na rufaa ikathibitisha hivyo Machi 2021. Watu wengi niliozungumza nao waliziweka kesi hizi kwenye kapu moja. Kisheria haziko hapo.

Usipojua ndugu yako yuko katika hali ipi, soma amri ya mahakama. Iko kwenye jalada, na imeandikwa kwa maneno machache.

Inakuwaje mtu anaachiwa kabla hata ya kujitetea?

Hapo mahakama imeona "hana kesi ya kujibu". Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, hakimu husimama na kujiuliza: ushahidi huu ukibaki hivi ulivyo, mshtakiwa akae kimya asiseme neno, ninaweza kumtia hatiani? Kama hapana, hakuna sababu ya kumtaka ajitetee. Kumwita ajitetee kungekuwa kumwomba azibe mapengo ya aliyemshtaki. Gbagbo na Blé Goudé waliachiwa kwa njia hii, baada ya kesi iliyoanza Januari 2016.

Kuachiwa katika hatua hii ni kuachiwa huru kamili. Hakuna upungufu wowote kwa sababu tu utetezi haukusikilizwa. Na kinyume chake pia kieleweke: kukutwa na kesi ya kujibu si kukutwa na hatia. Wengi wamejitetea na kushinda.

Mtu akiachiwa huru, anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile?

Kanuni ni hapana, na ibara ya 14 ya mkataba wa 1966 imeiandika. Dola ina polisi, maabara na mawakili wanaolipwa. Ingekuwa inaruhusiwa kujaribu tena na tena, ingemchosha mtu yeyote mpaka aanguke.

Kanuni hii ina uchungu wake. Mwaka 1955, Mississippi, wanaume wawili weupe waliachiwa huru kwa mauaji ya Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14. Mwaka uliofuata walikiri kwa jarida moja, kwa malipo, kwamba ndio waliomuua. Hawakuweza kushtakiwa tena kwa mauaji hayo. Anayeitetea kanuni hii, nami ni mmoja wao, lazima aweze kuitetea akiwa ameikumbuka kesi hiyo.

Baadhi ya nchi zimefungua mlango mdogo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2003, inaruhusu kesi mpya kwa makosa mazito pakipatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Ndivyo Gary Dobson, aliyeachiwa huru mwaka 1996 kwa mauaji ya Stephen Lawrence, alivyotiwa hatiani Januari 2012 baada ya vipimo vipya kupata doa dogo mno la damu kwenye koti. Ujerumani ilijaribu njia ya namna hiyo, na Oktoba 2023 Mahakama yake ya Katiba ikaifuta.

Na rufaa je? Upande wa mashtaka unaweza kukata?

Inategemea nchi. Marekani hauwezi; hukumu ya kuachiwa huru imekwisha pale pale. Tanzania na Kenya DPP anaweza, ndani ya muda uliowekwa na sheria. Kwa hiyo usichome karatasi zako jioni ya hukumu. Rufaa hii haihesabiki kuwa kushtakiwa mara ya pili, kwa kuwa ni kesi ile ile inayoendelea katika ngazi ya juu.

Kashinda jinai, kisha kashindwa kesi ya madai juu ya jambo lile lile. Sheria imejipinga?

Haijajipinga. Mizani ni miwili. Jinai inadai uthibitisho usioacha shaka, kwa sababu mtu anaweza kupoteza uhuru wake. Madai yanauliza upande upi unaelekea zaidi kuwa sahihi, hata kama ni kwa tofauti ndogo, kwa sababu kinachogombewa mara nyingi ni fedha au mali.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani. Oktoba 1995 aliachiwa huru kwa mauaji ya Nicole Brown Simpson na Ron Goldman. Mwaka 1997 mahakama ya madai ilimwona anawajibika kwa vifo hivyo, na familia zikaamriwa zilipwe jumla ya dola milioni 33.5. Baada ya hapo hakuwa mfungwa wa mauaji, na ilikuwa makosa kumwita hivyo kisheria. Alikuwa mdaiwa.

Mlalamikaji ameshindwa. Maana yake alisema uongo?

Hapana! Na hapa naomba wale walioachiwa huru na ndugu zao wanisikilize.

Shaka iliyomwokoa mshtakiwa haigeuki kuwa ushahidi dhidi ya mlalamikaji. Yule mama wa taa ya uani alivamiwa kweli. Vitu vyake viliibwa, na mlango wake ulivunjwa. Kilichoshindikana ni kuthibitisha nani. Kwenye kesi za ubakaji mara nyingi hakuna shahidi wa tatu, na hakimu anaweza kumwamini mwanamke karibu kabisa na bado akaona ushahidi haukufika kiwango. Kumtembeza mtaani kama mwongo baada ya hapo ni kumhukumu bila kesi, jambo lile lile ambalo mshtakiwa alikuwa analilalamikia.

Akisemwa kuwa alitoa ushahidi wa uongo, hilo ni kosa la jinai linalojitegemea. Naye anastahili kushtakiwa rasmi, kusikilizwa, na kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuachiwa kwa sababu ya ugonjwa wa akili ni kuachiwa huru?

Kwa jina, katika baadhi ya nchi, ndiyo. Kwa hali halisi mara nyingi mtu haendi nyumbani. Daniel M'Naghten, ambaye kesi yake ya 1843 ndiyo chimbuko la kanuni zinazotumika mpaka leo, alionekana hana hatia kwa sababu hiyo na akaishi hospitali za wagonjwa wa akili mpaka alipofariki mwaka 1865. John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan mwaka 1981, aliachiwa kwa msingi huo mwaka 1982, akatoka hospitali kwa masharti mwaka 2016, na masharti yote yakaondolewa 2022. Nchi nyingine hutumia maneno tofauti: zinasema mtu alitenda lakini akili yake haikuwa timamu.

Nimekaa rumande miaka, kisha nikaachiwa. Nitalipwa?

Mara nyingi jibu linasikitisha. Ibara ya 14 ya mkataba wa 1966 inazungumzia fidia kwa aliyetiwa hatiani kwa hukumu ya mwisho kisha ikagundulika kwa ushahidi mpya kwamba haki haikutendeka. Haimtaji mtu aliyekaa mahabusu akaachiwa huru kwenye kesi ya kwanza. Kila nchi imejiamulia. Ujerumani iliweka mwaka 2020 malipo ya euro 75 kwa kila siku ya kizuizi, pamoja na hasara za mali. Kwingineko hakuna kitu.

Hata ICC ni hivyo. Jean-Pierre Bemba alikamatwa 2008, akahukumiwa miaka 18 mwaka 2016, na Juni 2018 rufaa ikamwondolea hatia ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Alidai fidia, na mwaka 2020 madai yake yakakataliwa.

Njia nyingine ni kumshtaki aliyekushtaki kwa hila. Hapo kuachiwa huru peke yake hakutoshi. Utatakiwa kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyeanzisha kesi, kwamba iliisha kwa faida yako, kwamba hakuwa na sababu ya maana ya kuamini una kosa, na kwamba alisukumwa na nia mbaya. Wengi hukwama kwenye hayo mawili ya mwisho. Mtu aliyekutuhumu kimakosa lakini kwa nia njema hawajibiki.

Naliona hili kuwa pengo kubwa. Kama jamii nzima inafaidika na utaratibu wa kuwashikilia watu wakisubiri kesi, si haki gharama yote imwangukie yule ambaye mwishowe alionekana hana hatia.

Mwajiri amekataa kunirudisha kazini. Ana haki?

Kuachiwa huru hakufungi moja kwa moja mikono ya mwajiri. Nidhamu ya kazi ina utaratibu wake na kiwango chake cha uthibitisho, ambacho ni cha chini kuliko cha jinai. Mtunza fedha anaweza kuachiwa huru kwa wizi na bado akawajibishwa kwa kutotunza vitabu vyake. Lakini mwajiri lazima afanye utaratibu huo: akupe tuhuma kwa maandishi, akusikilize, atoe uamuzi wenye sababu. Kusema "ulikuwa na kesi" si sababu. Peleka nakala ya hukumu kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Habari ya kukamatwa kwangu bado iko kwenye intaneti. Ya kuachiwa haipo.

Picha ya pingu ilipata ukurasa wa mbele, hukumu haikupata hata mstari. Andikia chombo kilichochapisha, ambatisha hukumu, na omba habari ya kwanza iongezewe matokeo ya kesi. Wahariri wengi waungwana hukubali wakiombwa kwa vielelezo. Usiombe wakanushe kwamba ulikamatwa, maana hilo lilitokea.

Siku yenyewe ya hukumu, tukishinda, tufanye nini?

Kwanza mhakikishe mshtakiwa ameelewa. Hukumu husomwa kwa saa nzima, kwa sauti ya chini, mara nyingi kwa lugha isiyo yake, na neno lenyewe linakuja mwishoni. Nakumbuka mshtakiwa mmoja, miaka mitatu rumande, alibaki amesimama kizimbani baada ya hakimu kuondoka na watu kuanza kutoka. Mikono yake bado ilikuwa imeshika ile mbao ya mbele. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kushuka. Karani alirudi kuchukua majalada, akamgusa bega, akamwambia, "Mzee, nenda nyumbani."

Kisha kabla hamjaondoka jengoni, ombeni nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri, zaidi ya moja kama inawezekana. Uliza kuhusu mali yako iliyokamatwa kama kielelezo: simu, gari, fedha. Mara nyingi hakimu hutoa amri ya kuirudisha, lakini huenda ikashikiliwa mpaka muda wa rufaa upite. Kama pasi ya kusafiria ilikuwa mahakamani, ombeni amri ya kuitoa. Wadhamini nao wachukue hati zao za nyumba na viwanja, au risiti za fedha walizoweka. Wao wamefungwa na kesi hii muda wote huo na mara nyingi husahaulika. Wakili aandike barua ya kuuliza, muda wa rufaa ukishapita, kama kuna notisi yoyote iliyowasilishwa.

Nakala moja ya hukumu akae nayo mwenyewe, ndani ya bahasha, mahali ambapo mtu mwingine wa nyumbani anapajua.